Jiwe la Kunolea Visu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umeketi, kwa maana nina mengi ya kukueleza. Natumaini ule mgongo uliokusumbua umetulia, wifi yangu hajambo, na watoto wanasoma bila kusukumwa. Sisi huku tu wazima. Mama anakula kidogo, lakini anakula. Sikio lake la kushoto limechoka, ila bado anasikia vizuri sana kila asichotakiwa kukisikia. Mwambie mwanao mkubwa kwamba ujumbe wake wa simu niliupata, na kwamba nitaujibu siku atakapouandika kwa maneno kamili.

Najua umenipigia mara nyingi tangu niliporudi safarini, nami sikupokea. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa natafuta namna ya kusema jambo ambalo kwa simu ungelisikia nusu, na nusu nyingine ungeijaza mwenyewe.

Safari yenyewe aliianzisha mpwa wako. Aliniambia kwamba mtu aliyefundisha maisha yake yote hastahili kustaafu akakaa kibarazani kuwakagua wapita njia. Alikuwa amepata nafasi katika kambi ya mahema kwenye ile pwani ya majabali, kambi mpya inayosifiwa kwa kutunza mazingira. Nilimjibu kwamba nina nyumba yenye paa, na sioni sababu ya kuiacha nikalale chini ya turubai. Akacheka, akasema hilo hema lina kitanda kipana, zulia na kioo kirefu. Nikamuuliza kwa nini basi wasingejenga nyumba tu yakaisha. Hapo ndipo akaniambia kambi ipo mahali gani hasa. Ipo juu ya majabali yale yale ambako bahari ilimchukua kaka yetu Waya.

Wewe ulikuwa masomoni mbali wakati ule, na mambo haya umeyapata kwa kusimuliwa tu, kwa hiyo niruhusu niyapange upya. Kaka yetu tulimwita Waya kwa wembamba wake, kabla hata hajawa fundi umeme. Alikwenda kutengeneza taa ya mnara wa kuongozea meli. Wimbi lilimkuta kwenye jabali la chini akishusha vifaa, na hakupatikana tena. Watu walipochoka kutafuta, Mama alipanda mpaka juu, karibu na mnara, akasema mwanawe hawezi kuondoka duniani bila kuacha hata alama. Tukapanga mawe. La chini kabisa lilikuwa jiwe la kunolea visu ambalo Mama alilibeba kutoka jikoni kwetu, lile lenye bonde katikati. Kunoa visu kila Jumamosi ilikuwa kazi ya Waya, na ole wake mwingine aliyeligusa jiwe lake. Juu yake tuliongeza mawe ya pale pale mpaka rundo likafika kiunoni.

Tangu siku hiyo Mama hakununua jiwe jingine, wala hakukubali kununuliwa. Tumezoea kutania kwamba kwa Mama nyanya haikatwi, inabembelezwa. Sidhani kama tumewahi kuusema utani huo mbele yake bila mmoja wetu kutazama chini.

Mama aliposikia ninakokwenda, alinishika mkono akanituma. Niangalie kama mawe bado yamesimama. Yakiwa yamesimama, niweke moja kwa ajili yake, kwani magoti yake hayatapanda tena jabali lolote, na moja kwa ajili yako, ambaye hukuwahi kuweka. Mpwa wako apige picha. Alisema kwamba kila upepo unapovuma huwaza kama yameanguka, na kwamba akiyaona kwenye picha yamesimama, ataacha kuwaza. Nawe uliponipigia kabla sijaondoka uliniomba hivyo hivyo. Niliwaahidi nyote wawili.

Tulifika wakati wa ukungu. Walitupitisha njia mpya inayotokea nchi kavu, wakati sisi siku ile tulipanda kutoka ufukweni, na kwa hiyo sikutambua kitu. Mahema yamewekwa juu ya majukwaa ya mbao ili majani ya chini yasikanyagwe. Maji ya kuoga hupashwa na jua, na jua likinuna unaoga ukiimba. Choo hakina maji. Ukimaliza unamwagia vumbi la mbao, na mwishowe huwa mbolea. Chupa ya plastiki haipiti langoni. Nilikuja tayari kukosoa, na nakiri kwamba nilikosa pa kuanzia. Hata ubao wa kanuni uliandikwa vizuri: “Ondoka na ulichokuja nacho, acha ulichokikuta.” Niliusoma mara mbili kwa kuridhika. Mpwa wako alinikumbusha kwamba nimekuja kupumzika, si kusahihisha.

Mwongozaji wa wageni ni mwanamke wa makamo mwenye kofia iliyopauka, ambaye wenzake humwita Kamanda. Nilimuuliza mnara wa zamani ulisimama wapi. Alisema amesikia kwamba ulikuwepo, lakini ulibomolewa na mabaki yake kuondolewa kabla ya yeye kuajiriwa. Mpishi ndiye mzaliwa wa sehemu zile. Kesho yake, baada ya kifungua kinywa, angemuuliza, kisha atupeleke. Nikaridhika.

Pale kila mgeni huombwa kufanya kazi ndogo ya asubuhi kabla ya kula. Wengine humwagilia miche, wengine huosha magudulia. Mpwa wako alichagua kulala, akadai kwamba huko nako ni kutunza mazingira. Mimi nilimfuata Kamanda kwenda kutawanya mawe. Alinieleza kwamba wageni hupenda kupanga mawe moja juu ya jingine kuwa minara ili wapigie picha, kisha huenda zao. Kumbe kila jiwe ni paa la mtu fulani, alisema: mjusi, kaa, mdudu. Ukiliondoa, mwenye nyumba hufa kwa jua, na udongo uliokuwa chini yake huchukuliwa na upepo. Dawa yake ni kuyashusha taratibu, moja moja, na kuyalaza yalivyokuwa. Nilikubaliana naye kwa moyo wote. Unanijua, mtu akinipa kanuni yenye sababu, nimekwisha.

Kamanda alishika njia ya chini, mimi nikashika ya juu. Ukungu ulikuwa mzito, bahari naisikia lakini siioni. Nilishusha vinara kadhaa vya mchezo. Kisha nikakuta rundo kubwa lililotanuka chini, limelegea upande mmoja, na juu yake wageni wamepandisha vinara vyao vitatu au vinne. Nilisema kwa sauti kwamba watu wengine hawana haya. Nikaanza kazi. Nilishusha jiwe moja moja, kila moja nikalilaza kwa uso wake mpana, kama nilivyofundishwa. Kamanda aliniita kutoka chini, akauliza kama mwalimu amechoka. Nilimjibu kwamba mwalimu hachoki, hustaafu tu, na nikamsikia akicheka. Nakumbuka nilijisifu moyoni kwamba mgongo wangu bado unanitii.

Mdogo wangu, jiwe la mwisho lilikuwa na bonde katikati.

Sikuliinua. Nilipiga magoti nikaliwekea kiganja, na kiganja kikaingia humo kama kilivyokuwa kikiingia nilipokuwa mtoto na Waya hayupo. Sikumtafuta wa kumlaumu. Si wageni, si kambi, si ukungu. Mawe yale yalistahimili dhoruba za miaka yote hiyo, nami nimeyaondoa asubuhi moja, kwa utaratibu mzuri, nikijipongeza.

Kamanda aliponikuta alidhani nimeanguka. Nilipomweleza, alivua kofia na kukaa chini kando yangu. Alisema yeye ndiye aliyenituma, kwa hiyo kosa ni lake. Akaongeza kwamba kwa jambo la namna ile kambi ingevunja kanuni yake, na kwamba angewaita wenzake wote tupange upya. Nikageuka kuyatazama mawe. Nilikuwa nimeyatawanya vizuri mno. Sikuweza kutofautisha letu na la wageni. Nikamwambia asante, lakini hapana.

Mpwa wako alikuja akiwa bado na alama za mto shavuni. Kwa huruma tu, naomba usimhukumu, alipendekeza tupange rundo lolote tupige picha, kwa kuwa macho ya Bibi hayatagundua. Niliinama nikaokota jiwe. Sitakuficha, nililishika muda. Kisha nikalirudisha. Nimewaadhibu watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Jiwe la kunolea nililifunga kwa taulo nikalitia kwenye mkoba. Langoni hukaguliwa mikoba, maana wapo wanaoiba makome na mawe ya rangi. Kamanda aliitazama ile taulo, akamwambia mlinzi kwamba mama huyu anaondoka na alichokuja nacho. Tukapita.

Nilimkuta Mama ameketi kitandani. Jambo la kwanza aliuliza picha iko wapi. Niliweka mzigo mapajani mwake, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, bila kuruka mahali. Alifungua taulo polepole. Kidole gumba chake kilikwenda moja kwa moja kwenye lile bonde. Akauliza ni nani hasa aliyeyashusha mawe. Nikasema ni mimi. Akauliza kama niliyatupa. Nikasema hapana, niliyalaza moja moja. Nilisimama mbele yake kama mwanafunzi, nikingoja maneno ninayostahili. Mama alipitisha kidole juu ya jiwe, akakitia mdomoni, akasema lina chumvi. Kisha, kwa sauti ile ya kumtuma mtoto, akaniambia nikamletee kisu cha jikoni na maji kidogo.

Mikono yake haina nguvu, lakini mwendo wake ulikuwa ule ule wa Jumamosi, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Alipomaliza kimoja alitaka kingine, mpaka droo ikabaki na vijiko. Mpwa wako alisimama mlangoni akilia bila kutoa sauti. Kisha Mama alilala mchana ule mpaka jua lilipopoa, na nje upepo ulikuwa ukivuma.

Kama amenisamehe, hajasema, nami sijamuuliza. Wewe nakuomba msamaha kwa maandishi, kwa sababu jiwe lako sikuliweka popote, na mahali pa kuliweka hapapo tena. Mama ameagiza nikwambie kwamba lile jiwe sasa lipo jikoni, kando ya sinia, na kwamba yeye hataliweza kila Jumamosi. Kazi ile ilikuwa ya mwanawe wa kiume, na amebaki na mmoja.

Usichelewe kuja. Msalimu wifi yangu, uwabusu watoto. Na utakapokaa kumenya chochote kwa Mama, angalia vidole vyako. Visu vyake vimepata makali.

Ni mimi,
dada yako mkubwa