Nafasi Moja ya Kizingo

Mpendwa Baba Salma,

Hii ndiyo taarifa ya bodi kwa wazazi, ya likizo hii ya Agosti. Wenzangu walinipa kazi ya kuiandika, nami nimeamua kukuandikia wewe, kisha niibandike kwenye lango la shule ili kila mzazi asome. Kuna mambo humu ambayo siwezi kuyasema mbele za watu. Kwako naweza, maana wewe ulishanizoea.

Nianze na mepesi. Ghorofa ya juu imefungwa. Mhandisi alipanda, akagonga boriti mbili tatu kwa nyundo, akashuka akijipangusa vumbi, na sote tukaelewa. Boriti hizo ulizilalamikia wewe tangu ungali hai, tukakuona mzushi. Madarasa ya chini yatabaki hapa hapa Mji wa Kale. Gredi ya saba, kuanzia muhula wa tatu, watasomea Kizingo, kwenye shule iliyokubali kutuazima vyumba mpaka ukarabati uishe. Watatoka saa tisa, si saa kumi, ili wapate kula na kuwahi chuoni kusoma Kurani. Hilo nililipigania mimi. Uji utapikwa hapa na kupelekwa kwa tuktuk, na mpishi ameshaapa kwamba hautamwagika, ila mimi sitaapa naye.

Sasa niingie kwenye lile lililonifanya nikutafute.

Wewe ulikaa kwenye bodi hii miaka mingi kuliko nilivyopenda. Kila likizo ulivaa kanzu iliyopigwa pasi, ukatia karatasi zako kwenye mfuko wa nailoni, ukaniambia unaenda kuwapa watu habari za shule. Nami nikikuuliza, barua si walishapewa watoto siku ya kufunga? Ukanijibu, "Barua imefika, Mama Salma. Habari haijafika." Kisha unatokomea vichochoroni. Kila baraza unaketi. Unauliza mguu wa bibi wa nyumba unaendeleaje, kijana aliye Jeddah amepiga simu lini, unakunywa kahawa ya tatu, na ukishasimama kuaga ndipo unasema, "Ah, na shule yafunguliwa Jumatatu." Unarudi alasiri imeshaadhiniwa. Wali wangu umekauka kwenye sufuria. Tuligombana sana kwa ajili ya wali ule, na niseme hapa hadharani kwamba nilikuona mtu wa porojo.

Nilipomaliza eda, mwenyekiti alikuja nyumbani na walimu wawili. Unamjua, Mkamba wetu wa reli, aliyekaa Mombasa mpaka anasema inshallah mara nyingi kuliko mimi. Akaniambia kiti cha mzee kiko wazi na wazazi wamenitaja. Nilikubali. Ningependa kusema ni kwa mapenzi ya elimu, lakini ukweli ni kwamba nyumba ilikuwa kimya, na mikutano ya bodi ina kelele.

Nikaingia na mtindo wangu. Miaka yote ile wewe ukizunguka barazani, mimi nilikuwa karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na huko mambo hayaendi kwa kahawa. Mwenye mzigo hupelekewa notisi. Asipojitokeza, mzigo wake unapigwa mnada, na akija kulia baadaye, karani anamwonyesha nakala ya notisi. Hakuna ugomvi. Niliipenda kazi ile kwa sababu hiyo.

Basi shule ya Kizingo ilipotuambia kwamba nafasi zake ni za kuhesabu, mimi ndiye niliyetoa shauri. Kila mzazi wa gredi ya saba atumiwe ujumbe kwenye simu, kwa namba aliyoandika mwenyewe kwenye fomu. Ajibu kufikia Ijumaa. Asiyejibu, nafasi yake inakwenda kwa mtoto anayengoja kuhamia kwetu. Mwalimu mmoja aliuliza, je, wasiopata ujumbe? Nikamjibu, "Asiyekuwepo na lake halipo." Wakacheka. Nilifurahi walivyocheka.

Watoto watano wazazi wao hawakujibu. Hapo, Baba Salma, ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa na akili ndani yake. Wewe wajua jinsi watu wanavyohama Mji wa Kale. Leo nyumba imepangishwa, kesho jamaa wako Kisauni, wengine Likoni, na hakuna anayekumbuka kuja shuleni kuaga. Kwa hiyo kila aliyenyamaza nilimhesabu kuwa amehama. Sikutuma mtu kuuliza. Niliandika "amehama" mbele ya majina matano kwa kalamu nyekundu, mwandiko mzuri kabisa.

Wanne walikuwa wamehama kweli.

Wa tano ni Aziza, binti wa Khadija anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi pale nyuma ya msikiti. Wewe ulikuwa ukinunua kwake kila Ijumaa na kuniambia yake hayana mafuta kama yangu. Khadija alikuja shuleni wiki iliyopita kuulizia sare, akakuta orodha ya watakaokwenda Kizingo langoni. Mimi nilikuwa ofisini. Aliingia na mkono wake bado una unga.

"Bi, Aziza hayumo," akasema. "Nimesoma mara tatu, hayumo."

Nikamwambia ujumbe ulitumwa na hakujibu.

"Ulitumwa kwa nani?"

Nikafungua fomu, nikamsomea namba.

"Hiyo ni laini ya babake. Iko kwenye droo tangu aende Doha."

Baba Salma, nilifanya jambo la aibu. Nilimwonyesha nakala. Nilimgeuzia ile fomu aone namba imeandikwa kwa mkono wa mumewe, kama vile anadai kontena. Aliitazama, kisha akasema, "Sina neno." Wewe wajua mtu wa kwetu akisema hana neno. Maneno anayo, ila ameona huna pa kuyaweka.

Akaondoka. Nikabaki na karatasi zangu zote zikiwa sawasawa, na mtoto wa hapa hapa mtaani, aliyesoma shule hii tangu chekechea, hana pa kusoma. Nusu ya mtaa huu wanaume wako Ghuba. Kila mtu anajua simu za nyumba hizi anazo nani. Wewe ungejua bila kuuliza. Mimi nimeishi humo humo miaka hiyo yote na sikuwaza hata kidogo.

Tuliitana kikao. Shule ya Kizingo ilishasema haiongezi hata kiti kimoja. Mwenyekiti akasema njia ni rahisi, watoto watano walioingia walitoka kwenye orodha ya kungoja kwa zamu, basi wa tano arudi nje na Aziza aingie. Wa tano ni mtoto wa askari anayelinda nyumba moja huko huko Kizingo, Mgiriama, mtu aliyejibu ujumbe dakika ileile na kuja shuleni kesho yake kushukuru kwa mikono miwili. Watu wakaitikia kwa vichwa. Sheria ilikuwa inamtoa yeye.

Na wa kwanza kwenye ile orodha ya kungoja, kwa haki kabisa, bila mimi kusogeza kidole, alikuwa Nuru. Mjukuu wako.

Salma aliandika jina lake mwezi wa tano, kabla hata sijajua kuna orodha. Shule ya Nuru huko Kisauni imejaa mpaka watoto wanaandikia magotini. Mpango ulikuwa Nuru aishi kwangu siku za shule na kurudi kwa mamake Ijumaa. Sikuwaambia watu jinsi nilivyoufurahia mpango huo, kwa sababu mimi si mtu wa kuonyesha. Nilihamisha cherehani kutoka chumba cha nyuma. Nilinunua kitambaa Biashara Street, nikashona pazia la waridi mwenyewe. Nilimwita fundi akashusha kabati lako la vitabu ili apate rafu anayoifikia. Nimeshalala peke yangu katika nyumba hii muda wa kutosha, na nilikuwa nimeanza kupanga nitapika nini Jumapili.

Nikasema kikaoni kwamba mtoto wa askari hatoki. Kosa si lake, wala si la Aziza. Ni langu, na atakayetoka awe wa kwangu. Mwenyekiti akaniambia, "Mama Salma, hakuna aliyekuomba hilo." Nikamwambia najua. Niliandika kumbukumbu za kikao kwa mkono uleule uliozoea, jina la Nuru nikalipiga mstari, na hapo sikuhisi kitu. Iliniuma baadaye.

Nilikwenda Kisauni kumwambia Salma mwenyewe. Nilimkuta anachambua mchele barazani. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiendelea kutafuta vijiwe.

"Nuru alikuwa wa kwanza, Mama."

"Najua."

"Basi kwa nini asitoke wa mwisho?"

"Kwa sababu hakukosea. Aliyekosea ni mimi."

"Basi toka wewe kwenye bodi. Nuru si wewe."

Ana haki. Nililipa deni langu kwa mfuko wa mtoto, na watu wakanisifu kwa uadilifu. Mzazi atakayesoma hapa langoni na kusema Mama Salma ni mwadilifu, naomba alikumbuke hilo kabla hajalisema kwa sauti.

Kisha Salma akasema neno lililonirudisha mbali. "Kwanza Baba, na sasa wewe. Yeye alinifanyia mimi, wewe wamfanyia mwanangu."

Unakumbuka? Alikuwa darasa la nne. Mwalimu alimchagua kusoma shairi siku ya wazazi, akalihifadhi lote, akawa analighani jikoni mpaka mimi nikalijua. Ukaenda shuleni ukasema binti wa mjumbe wa bodi asisimame mbele, watu watanong'ona. Wakampa mtoto mwingine. Salma alilia siku mbili. Mimi nilikwambia una roho ngumu kama jiwe la kusagia, nikakataa kula nawe meza moja. Wewe ulikula peke yako, ukaosha sahani yako, ukaenda zako msikitini. Nilidhani haikukuuma. Miaka yote nimeamini hivyo, na sikuwahi kukuuliza.

Jana nilikwenda kwa Khadija kumpa habari. Sikutuma ujumbe. Aliniketisha, akanipa chai na mahamri, na ulisema kweli, ni mepesi kuliko yangu. Aziza alikuwa mlangoni akisikiliza huku anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Nilipomwambia mamake kwamba jina limerudi, hakusema asante upesi. Aliuliza kwanza, "Ametoka nani?" Nikamwambia. Akaweka kikombe chini. "Haya ni mazito, Bi," akasema. "Nitampikia Nuru kitu, umpelekee." Nilimwambia apike.

Basi wazazi, taarifa ndiyo hii. Aziza ana nafasi yake Kizingo. Mtoto wa askari ana yake. Kuanzia sasa hakuna jina litakalofutwa kwa sababu ya kimya. Mjumbe wa bodi atakwenda nyumbani kwanza, na mjumbe huyo ni mimi mpaka mtakaponitoa. Walio na waume au wana ng'ambo, njooni mrekebishe namba kwenye fomu kabla ya kufungua, nami nitakuwa ofisini kila asubuhi.

Haya mengine ni yako wewe peke yako, hata kama wanayasoma.

Nuru alinipigia simu leo baada ya adhuhuri, kwa simu ya mamake, nadhani kwa siri. Aliniamkia vizuri. Kisha akaniuliza, "Nyanya, nimefanya kosa gani?" Nikamwambia hakufanya kosa lolote. Akasema, "Basi mbona mimi?" Nimeandika barua za kila aina maishani mwangu, kwa manahodha, kwa forodha, kwa watu wenye hasira na mizigo yao, na sikuwahi kukosa la kuandika. Nilikosa la kumwambia mtoto wa miaka kumi na miwili. Akasema, "Haya, Nyanya," kwa adabu, akakata.

Nimekaa tangu hapo kwenye kiti chako. Nafikiri juu ya siku zile mbili Salma akilia, mimi nimekununia, na wewe unaosha sahani. Ulifanya haki na mtoto wako akaumia, ukaendelea kuishi naye nyumba moja mpaka akakupenda tena. Lazima ulikuwa na njia. Ulikuwa mtu wa maneno mengi, Baba Salma, kwa mtaa mzima, na hili hukuniambia.

Nami sikuuliza.

Mkeo, uliyemwacha na kiti chako,
Mama Salma