Nimezisingizia Fomula za Karani

Tarehe 4 Machi. Miaka mitatu na miezi miwili tangu niage nyumbani.

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaumbuka. Mimi ni mpakizi ghalani, shule niliishia darasa la sita, lakini mgongo ulipogoma niliwekwa kwenye kompyuta ya kutafutia mizigo, nikajifunza kuandika zile alama zinazoiambia itafute lebo za namna gani, nyota, mabano, vimstari vya mshazari, mstari mzima kama msafara wa siafu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuusoma wenzangu wakaniita Mganga, nami nikavimba kichwa. Kisha dada karani wa zamu ya mchana akatunga fomula ndogondogo zenye majina ya kueleweka, unaandika tarakimu(4) au nukta() na kompyuta inajichorea siafu wake yenyewe. Hata mfagiaji alizisoma. Nikajiona nimevuliwa shati hadharani.

Mwezi uliopita niliandika kwa mkono wangu kutafuta rafu B.12, nikasahau kwamba nukta tupu kwa kompyuta ni herufi au namba yoyote ile, mpaka uitangulizie kimstari cha mshazari, basi ikazoa na B712, magodoro ya wagonjwa yakapelekwa kwa muuza samaki. Bosi alipouliza nikasema, "Ni zile fomula za dada, bosi, zinavuruga." Zikafutwa. Dada aliniangalia tu, akasema, "Haya, Mganga."

Juzi nimeomba likizo, binti yangu anaolewa. Bosi akacheka: "Utaondokaje, ndugu yangu, na alama zako hazisomeki ila na wewe?" Mshauri, harusi ni tarehe ishirini na mbili, na mama watoto nimeshamwambia nitafika ishirini.

*

Ndugu Mpakizi,

Pole kwa mgongo. Kwa hayo mengine sina pole. Ulijifungia ndani, ukameza ufunguo, sasa unagonga mlango. Karani hakukupora kazi. Alikutengenezea njia ya kwenda kwenu, ukamtwisha magodoro.

Kesho asubuhi usianzie kwa bosi. Anza kwa karani, umtake radhi bila maelezo marefu, umwombe azirudishe fomula zake, mkae mgeuze kila mstari wako uwe fomula. Mpeni mfagiaji asome kwa sauti. Akielewa, mmemaliza.

Kisha nendeni wote wawili kwa bosi, useme, "Nilidanganya." Huenda akakusamehe. Akikufukuza, harusini utawahi.