Onja kwanza, maman Monique

Fabiola, acha ile unafanya usome. Nimejifungia mu chumba, bakwe wangali mu salon. Walikuja kumuona dada yangu Ornella.

Maman Monique, shangazi ya muchumba wake, ametoka Walungu na termosi mukononi. Akasimama mbele ya watu wote. Fabiola, mbele ya watu wote.

"Mutoto wangu, hii ni chai ya majani ya kwetu. Kunywa asubui na mangaribi, zile ndevu zianguke mbele ya ndoa. Kijana wetu hawezi kuoa mwanaume mwenzake."

Mwanaume mwenzake. Alisema vile, na bamaman wakacheka. Maman yetu akaangalia chini.

Ornella hakuangalia chini. Unajua tangu secondaire anakata zile nywele za kidevu na wembe, anajifunika foulard. Leo alikataa kuvaa foulard. Akapokea kikombe cha ile chai na mikono mbili, akakirudisha na heshima yote.

"Maman, huku kwetu mwenye kuleta kinywaji njo anaonja kwanza."

Maman Monique akikataa, ni kusema ametia sumu. Akainua kichwa, akakunywa, na mwangaza wa dirisha ukapiga kidevu chake. Fabiola, ndevu tatu nyeupe, zimejikunja.

Ornella akaziangalia pole pole, moja moja.

"Maliza termosi yote, maman. Zako zikianguka, unitumie ingine."