Nani Atasimama Nyuma

Kibera, Januari 2008

Ndugu yangu Mwanzia,

Watoto ni wazima, na unga umepatikana. Ulipotuambia tukimbie fujo hizi Jumamosi, tuje kwako Machakos kwa gari ulilotuachia, nilikuta balbu za taa za breki zimeungua. Jana jioni nikazibadilisha mwenyewe hapa mlangoni. Lakini nikikanyaga breki, nani atasimama nyuma aniambie kama zinawaka? Jirani yetu Shivachi, ambaye hatujasalimiana tangu siku ya kura, akatoka kwake akasimama nyuma ya gari. Nikakanyaga.

"Zinawaka, Mama Kimanzi! Zote mbili! Hebu kanyaga tena!"

Kwenye kioo nilimwona amekuwa mwekundu mzima kwa mwanga wa taa, anacheka kama zamani. Mwanzia, balbu ndogo hivyo! Mguu ukakataa kutoka kwenye breki.

Jumamosi msitungojee.

Dadako,
Kasiva