Homa Ambayo Haikupanda

Baba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa bado na hasira, miezi saba tangu tukuzike Kongwa. Nimefungua shajara yangu ya wiki ile ya mwisho, na kila ukurasa unanichoma.

Jumatatu asubuhi: joto 36.5. Jioni: 36.7. Jumanne vilevile. Unakumbuka nilivyokusumbua na kile kipimajoto nilichonunua Majengo, maduka ya dawa ya watu binafsi yalipoanza kufunguliwa kila kona? Ulikibana kwapani kama mtu aliyeshikishwa jongoo.

"Kinasemaje, bibi mkubwa?"

"Uko sawa, Baba."

"Basi niache. Mtu hana homa, hospitali akafanye nini? Kusalimia wauguzi?"

Nami nikaandika: Baba mzima. Pembeni, kwa herufi ndogo: ugali umerudi kama ulivyokwenda, amemwita mjukuu kwa jina la marehemu shangazi. Niliyaandika yote, Baba, kwa mpangilio, na sikuyasoma!

Ijumaa, ulipokuwa huwezi hata kuketi, daktari alikusikiliza kifua akasema ni nimonia, tena mapafu yote mawili. Nikambishia. Nikamwonyesha shajara.

"Dada," akasema, "chembe nyeupe za damu zikikuta vijidudu hutumiana ujumbe, na ujumbe huo ndio unaopandisha homa. Za mzee huitana kwa unyonge. Ugonjwa unaingia, mwili haupigi kelele."

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ulilijua hilo. Miaka yote uliyochunga ng'ombe wa ranchi, ulinifokea kila nilipowapapasa masikio kutafuta joto: "Huyo ng'ombe mzee mwache masikio! Mtazame kama anakula!" Uliwajua ng'ombe, ukajisahau wewe. Nami, na kidato changu cha nne, nikamsahau mwalimu wangu.

Sasa ni Mama. Tangu jana anakohoa kidogo, na leo uji kausukuma pembeni. Nimempima: 36.6.

"Unaona?" ananiambia, kwa ubishi wako uleule. "Sina homa. Nenda kamsumbue baba yako."

Ndiyo nimekuja kukusumbua, na nimemaliza. Safu ya joto nimeikata kwa wino, juu yake nimeandika: Amekula? Jirani ameshawasha pikapu. Mama anafunga kanga huku amenuna.

Pumzika, Baba. Safari hii siingoji homa.

Binti yako, mwenye kipimajoto