Salamu Tulizozikata

Mjomba,

Shikamoo. Najua leo hutaniitikia, lakini sijui namna nyingine ya kuanza mazungumzo nawe.

Tumekusanyika hapa nyumbani kwenu Mgeta kuanua matanga, na ukoo umenipa nafasi ya kusema machache kwa niaba ya wapwa zako. Nimewaomba radhi wazee: niseme nawe, na wao wasikilize.

Mgawanyo ulikwisha asubuhi. Panga lako na kigoda vimekwenda kwa kaka Prosper, kama desturi yetu ya kurithi kwa upande wa mama inavyotaka. Hapo mtani wetu, Mzee Chanzi, ambaye tangu siku ya maziko hajatuacha tulie kwa raha, akasimama na kuuliza mbele ya watu wote: "Na lile duka lake la mtandaoni, lisilouza wala kununua, nani analirithi?" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Alikuwa anaisema tovuti yako, Mjomba. Ulipostaafu ubwana shamba ulinunua kompyuta ya mtumba, ukaanza kuweka humo kila ulichokipenda, bila kujali kama vitu hivyo vinahusiana: majina ya migomba ya milima hii, picha za maganda ya viberiti vya zamani, makala ndefu kuhusu kuhifadhi mbegu za njegere, na malalamiko yako dhidi ya watu wanaopika togwa kwa pupa. Ila ukurasa ulioupenda kuliko zote ulikuwa wa sauti. Ndege, vyura, maji ya mfereji, mvua ikipiga majani ya migomba. Ulipanda huku alfajiri, ukasimama kando ya njia na kinasa sauti chako, ukabana pumzi.

Lakini njia za huku si za mtu mmoja. Kila anayepita na kikapu chake cha mboga humsalimu aliyesimama, na wewe hukuwa mtu wa kuiacha salamu ya mwenzako ianguke chini, hata ndege awe anaimba vizuri namna gani. Basi karibu kila sauti uliyoshuka nayo ilikuwa na wewe ndani yake, ukisalimu, ukiulizia hali ya mgonjwa, ukimsifia mtu mzigo wake wa kabichi.

Jumapili baada ya misa ulinikaribisha sebuleni kwako Kihonda, kule mjini, tukaketi mbele ya kompyuta, nami nikazikata salamu hizo moja baada ya nyingine. Ulisimama nyuma yangu ukisema, "Toa hapo, mwanangu. Wageni wamekuja kumsikiliza ndege, hawakuja kunisikiliza mimi." Nilikata kwa ustadi. Tulijivunia kazi ile, mimi na wewe.

Wiki ya pili ya msiba dada yako, mama yangu, aliniita chumbani. Hakutaka picha, picha zako anazo. Alisema, "Niwekee kaka yangu nimsikie. Hata akiwa anakohoa." Mjomba, ulikuwa mtu wa kuandika. Hata kwenye simu ulitutumia ujumbe wenye nukta na mkato, kama barua ya ofisini. Nikaenda kwenye tovuti, mahali pekee nilipodhani utakuwapo. Nikafungua sauti baada ya sauti. Ndege walikuwa safi. Vyura walikuwa safi. Pale uliposimama wewe palibaki upenyo mdogo ambao mtu mwingine asingeutambua, ila mimi niliutambua, kwa kuwa ni mkono wangu.

Tuliihifadhi milima yote hii, tukakufuta wewe. Hakuna aliyekosea, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu sina wa kumlaumu.

Nilikuwa karibu kurudi kwa mama mikono mitupu nilipoiona sauti ya mwisho kabisa, uliyoiweka mwenyewe nilipokuwa nimebanwa na kusahihisha mitihani. Chini yake uliandika: "Samahani, wasikilizaji. Hii bado haijasafishwa."

Mama ameisikiliza. Hakulia kama nilivyohofia. Aliomba irudiwe, kisha akaomba tena, na mwisho akasema tu kwamba mafua yako yalikuwa hayajapona.

Kwa hiyo, Mzee Chanzi, jibu lako ni hili: duka nalirithi mimi. Nawe, Mjomba, pokea ahadi yangu mbele ya ukoo wako. Migomba yako itabaki, viberiti vitabaki, na wapika togwa wenye pupa wataendelea kusemwa. Nitapanda na kinasa sauti chako, na watu wakinisalimu nitaitikia, na hakuna nitakachokata. Ile sauti ya mwisho haitasafishwa kamwe.

Pumzika, Mjomba. Ndugu zangu, sasa naomba utulivu, niwawekee. Mtamsikia ndege kwanza, kisha nyayo za bibi mmoja anayepita njiani. Kisha mtamsikia Mjomba mwenyewe:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unafanya nini hapo peke yako?"

"Nawasikiliza ndege, mama."

"Haya. Wasalimie."

Na hapo mtamsikia akicheka.