Kioo cha Nyuma cha Gari la Kaka

Jumapili, 7 Aprili

Dhoruba! Si mvua — dhoruba. Imekuja baada ya chakula cha mchana, ghafla, kama mtu aliyepiga mlango teke. Imeng'oa mabati ya nyumba ya kona, imelaza ua, imebeba nguo zangu zote kwenye kamba. Shuka moja sijaiona mpaka sasa.

Halafu mlio. Paaa! Nikadhani transfoma.

Si transfoma. Ni dishi la Baba Pacha, jirani yetu. Limeng'oka juu ya paa lake, limevuka ukuta, limetua nyuma ya gari. Kioo kikubwa cha nyuma chote — chote! — kimemwagika kitini kama chumvi ya mawe. Dishi lenyewe limekaa humo ndani, limetazama juu, kama bado linatafuta stesheni.

Na gari si langu. La Kaka. Yeye yuko mbali kikazi, aliniachia baada ya Baba kupatwa na kiharusi, ili nimpeleke mazoezi hospitali. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Yule mama wa mazoezi alishaniambia: miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe, mguu usipoamka sasa hautaamka.

Baba aliona kila kitu. Alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Nilipoingia nimelowa chapachapa, akanyoosha ule mkono mzima, wa kushoto, akasema, "Kioo."

Wazi kabisa! Wiki nzima namwomba aseme "maji", aseme "chai", anatoa pumzi tu. Leo "kioo". Sijui nifurahi au nilie.

Jioni Baba Pacha akaja. Nikajua amekuja kutoa pole. Wapi! Amekuja kuulizia dishi lake. Anasema lisingevunjika kama ningeegesha kule upande wa pili, lingeangukia majani. Jibu limenijia alipokwisha kuondoka — na lilikuwa jibu zuri.

Jumatatu, 8 Aprili

Asubuhi yote kuokota vioo. Kwa kizolea taka, kwa ufagio, mwisho kwa vidole. Viko kila mahali, mpaka kwenye mikanda ya viti. Kidole gumba kimechanika.

Nimeomba nailoni dukani, ile tunayofungia mapazia ya wateja. Bosi amenipa. Ila aliangalia saa. Tayari namwomba ruhusa kila wiki kwa ajili ya Baba, sasa nimeongeza na za kioo.

Tepu haishiki kwenye bodi lililolowa. Nimefuta, nimebandika. Imebanduka. Nimefuta, nimebandika.

Nikapiga simu bima. Dada wa bima ana sauti tamu kama asali. Akauliza, kilichovunja kioo ni dhoruba au ni dishi? Nikamwambia dhoruba ndiyo iliyoleta dishi. "Hapana, dada, chagua kimoja." Ikiwa ni dhoruba, hiyo kazi ya Mungu, haimo kwenye bima ya Kaka. Ikiwa ni dishi, hiyo kazi ya jirani, nikaongee na jirani. Na kwa vyovyote vile anayepaswa kupiga simu ni mwenye gari. Akanitakia siku njema!

Mazoezi hatukwenda. Mvua tena. Baba alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Nikamvua.

Jumanne, 9 Aprili

Fundi vioo yuko nyuma ya kituo cha mafuta. Mtu mpole, ana penseli sikioni. Amelizunguka gari, amepapasa ukingo, ameguna. Akaniambia cha mbele angekuwa nacho hata leo. Cha nyuma? Hiki kina zile nyaya za kukausha ukungu, na waya wa redio umo humo humo. Haviko. Aagize.

"Lini?"

"Dada yangu, nikikwambia kesho nitakuwa nakudanganya."

Nimemshukuru kwa kutonidanganya. Kitu cha kushukuru hicho? Lakini siku hizi nashukuru chochote.

Kaka kapiga simu. Nimefunika gari? Nimemwambia Baba Pacha? Kwa nini nisimwambie Baba Pacha hivi na hivi? Kwake kila kitu chepesi. Nikampa Baba simu amsalimie. Baba akashusha pumzi, akahangaika, mdomo ukapinda, halafu neno likatoka: "Kioo." Nilimsikia Kaka akilia huko aliko, anajifanya anakohoa.

Jumatano, 10 Aprili

Siku njema! Niiandike kabla haijaharibika.

Tumekwenda. Baba mbele, mimi usukani, nailoni nyuma inapiga pwatapwata kama kuku anayechinjwa. Nyuma sioni kitu, weupe mtupu. Nikawa nakwenda polepole, watu wananipigia honi, mmoja ameniita jina ambalo siliandiki hapa.

Mazoezini Baba alisimama katikati ya yale mabomba mawili ya kushikia na mguu ukasogea. Si kuburutwa — ukasogea. Mama wa mazoezi akapiga makofi. Baba akamkunjia uso kama anayesema, makofi ya nini, mimi si mtoto.

Lakini jambo lenyewe ni tulipotoka. Tulikuwa tumebanwa kwenye maegesho, huku lori la oksijeni, huku ukuta. Kurudi nyuma siwezi, sioni. Mlinzi hayupo. Nikashika tama. Mara Baba akafungua mlango wake, akajigeuza upande wake mzima, akachungulia nje nyuma. Baba huyu aliyeendesha malori ya mizigo tangu sijazaliwa!

"Njoo," akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Njoo. Njoo. Kata."

Nikakata usukani.

"Basi!"

Maneno matatu mapya! Nikafunga breki, nikacheka mpaka machozi, naye akacheka na nusu ya uso wake. Lori la oksijeni lilikuwa limebaki upana wa kiganja. Njia nzima nyumbani tulikuwa kama wezi waliofanikiwa.

Ijumaa, 12 Aprili

Nilijua. Raha hapa kwetu haikai, ni mgeni wa kupita.

Trafiki wametusimamisha hatujafika hata nusu ya njia. Afande mwanamke, mkubwa kidogo kunishinda, kofia imenyooka. Akaigusa ile nailoni kwa kidole kimoja, kama anagusa kidonda.

"Mama, nyuma unaona nini?"

"Sioni, afande."

Ningesema nini? Nikamweleza: dhoruba, dishi, fundi, mgonjwa. Akainama akamtazama Baba. Akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Baba akajitahidi, haikutoka. Uso wa afande ukalegea — nikaona kabisa umelegea — nikapata tumaini. Akasema naye ana mzazi nyumbani. Akasema ndiyo maana hawezi kuniachia, nikimgonga mtoto wa mtu atamwambia nini mama yake? Nigeuze, nirudi nyumbani, lisitoke tena mpaka liwe na kioo. Akilishika tena analilaza kituoni.

Mbaya zaidi ni kwamba ana haki. Mtu akikuonea unapata japo hasira, inakupasha moto. Huyu hajanionea.

Mazoezi yamekosekana. Mama wa mazoezi kasema kwa simu nimkunje goti nyumbani, taratibu, asubuhi na jioni. Nimejaribu. Baba amefumba macho kama mtu anayengoja mgeni aondoke.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Nailoni imepasuka. Viti vimelowa, zulia limeota ukungu, ndani kunanuka kama soksi za bweni. Nimekuta paka wa Baba Pacha amelala kiti cha nyuma, amejikunja, hana habari. Dishi lake, paka wake. Bado yeye mwenyewe tu kuhamia!

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Waongo. Kaka hayupo, lake lipo hapa uani, linaoza, na mimi ndiye nalinusa.

Sina mbele wala nyuma. Na gari nalo halina nyuma. Tumefanana.

Jumanne, 16 Aprili

Kioo kimefika!!

Nimekimbia kutoka dukani na futi ya kupimia shingoni. Fundi amekuja nacho mwenyewe mpaka uani, kimefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Tukamtoa Baba na kiti chake aone. Fundi akapaka gundi, akakiinua, mimi nikashika upande wa pili. Tukakiteremsha polepole.

Hakiingii.

Kimezidi upana wa kidole. Fundi akajaribu kwa juu. Akajaribu kwa chini. Akakitua, akatoa penseli sikioni, akairudisha. Ni cha ndugu yake gari hili, akasema — gari lile lile kwa jina, lakini la toleo la baadaye. Walikosea kumtumia. Akasema hapo angeweza kulazimisha, kikapasuka, tukalaumiana. Bora akirudishe. Kile chenyewe kwa sasa labda kipatikane kwenye gari lililokufa, na gari la namna hii lililokufa yeye hajaliona.

Nikasema ahsante. Mdomo wangu umezoea.

Baba alikuwa akiangalia kioo kinavyorudishwa kwenye blanketi. Sikuweza kumtazama.

Jumatano, 17 Aprili

Teksi. Sitaki kuandika, lakini nikiacha nitaanza kudhani nimeota.

Dereva alikuwa na haraka. Nilimwomba asubiri Baba aingize mguu mwenyewe, akasema mama, nina wateja. Akashuka, akaushika mguu wa Baba kwa mkono mmoja, akautupia ndani. Kama mzigo. Baba ambaye alikuwa hakubali mtu aguse hata kamba za turubai la lori lake.

Baba akajikojolea. Hapo hapo, kitini. Dereva akaanza kupiga kelele juu ya kiti chake. Nami nikafanya nini? Nikaomba radhi! Nikamwomba radhi yeye!

Tulirudi ndani. Nilimwosha, akanigeuzia uso ukutani. Nikamwambia, "Baba, Ijumaa nitatafuta dereva mwingine." Akasema, "Basi."

Lile lile neno la Jumatano iliyopita.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemweleza Kaka. Sikumweleza la mkojo.

Akasema amefikiria. Kuna mtu kampata, wa kununua magari yalivyo, mabovu na mazima. Atakuja Jumamosi. Gari linaharibika bure, dada, na wewe linakutesa. Baba atapata usafiri mwingine. Upi? Mwingine tu, tutaona.

Nilitaka kusema: kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi hapa ndiye hicho kidole. Nilitaka kusema, njoo. Nikasema, "Sawa, Kaka." Gari lake. Ningekataa kwa lipi?

Nimemwambia Baba wakati wa chai. Sijui kama ameelewa. Ameshika kikombe mpaka kikapoa.

Ijumaa, 19 Aprili

Hakuvaa viatu. Sikumlazimisha. Nimeuza mapazia ya ukumbi mzima leo, Bosi kafurahi.

Jumamosi, 20 Aprili

Mnunuzi amekuja saa nne. Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, salamu nzuri. Nimemkaribisha sebuleni. Baba alikuwa dirishani, kwenye kiti chake. Nikaenda chumbani kutafuta kadi ya gari. Sikukawia — au nilikawia, sijui, ilikuwa chini ya mashuka.

Nikarudi. Mnunuzi yumo, anasoma simu yake. Kiti cha dirishani kitupu.

"Mzee yuko wapi?"

Akainua kichwa. Alidhani mzee amekwenda msalani, anasema alipita tu hapo kashika ukuta.

Amepita tu!

Nikatoka mbio. Ndala ya kushoto iko kizingitini. Ya kulia iko katikati ya uwanja, imepinduka, na kutoka hapo kuna mstari kwenye tope, mrefu, alikoburuta mguu. Kisha mstari unakatika. Kisha kuna unyayo. Kisha mwingine! Nyayo kabisa, kisigino na vidole vyote, mpaka mlango wa gari.

Yumo. Kiti cha dereva. Amejifungia milango. Mkono wa kushoto uko juu ya usukani, wa kulia amejiwekea mwenyewe mapajani. Jasho linamtiririka, kifua kinapanda na kushuka, anatazama mbele.

Nimegonga. Nimemwita. Hafungui. Nikazunguka nyuma nikaingia kwa pale palipokuwa na kioo, na gauni langu la kazini, nikatambaa juu ya viti vilivyooza mpaka mbele. Sasa nimekaa pembeni yake. Daftari lilikuwa mkobani, naandika kwa sababu sijui mikono niifanyie nini kingine.

Mnunuzi amesimama nje na funguo, nilimpa mwenyewe mlangoni alipofika. Angeweza kufungua. Hajafungua. Amempigia Kaka, Kaka ananipigia mimi, simu inazunguka hapa mbele juu ya dashibodi kama mende.

Nimemwambia, "Baba, umetembea." Nimemwambia, "Baba, gari si letu."

Amegeuka, akanitazama. Midomo inahangaika. Kuna neno linakuja, naliona linavyopanda kooni, si yale ya juzi, ni refu kuliko yote. Mnunuzi anagonga dirisha kwa ncha ya ufunguo, taratibu, kwa adabu. Nimemwinulia kiganja angoje.

Simu imenyamaza. Inaita tena. "Ha—" anasema Baba. "Haliu—"